Wasifu wa Marehemu Kitochi

Nyie vijana wa hapa Kihesa mliokuja jana mlangoni kwangu na nyundo, nawaandikia nyie kwanza, na wengine wote wenye mchezo kama wenu. Mlinisalimia vizuri, "Kamwene bibi," halafu mkaniomba vitochi vyangu vya zamani, zile simu ndogo za vibonye, mvipasue mbele ya kamera, watu wacheke. Yule mwenye kofia ya sufu akanibembeleza, "Bibi fundi, si vimeshakufa hivi? Dakika moja tu, video imekwisha." Niliwafukuza kwa maneno makali kuliko mlivyostahili, na tangu mlipoondoka sijatulia. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimechemsha chai nikaisahau jikoni. Sasa nimeamua kuandika, na nikiinuka katikati ya habari mtanivumilia, maana siku hizi sikai kitini muda mrefu.

Sikuwafukuza kwa sababu mchezo wenu ni wa kijinga. Niliucheza kabla yenu, na niliucheza vizuri kuwashinda. Kwa mchezo huo mwanamke mmoja wa Rujewa alipoteza majaruba mawili ya mpunga, na hasira yangu ya jana ilikuwa ya hayo majaruba.

Nilikuwa fundi simu Mbeya, pale Mwanjelwa, miaka mingi. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa karibu na Tosamaganga, nikaenda Mbeya kutafuta maisha nikaangukia kwenye kibanda cha Mzee Bakari, fundi redio ambaye wazazi wake walitoka Pwani. Redio zilipopungua na simu zikaingia, alinunua bisibisi ndogo, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akaanza kujifunza upya akiwa na mvi. Nami nikajifunza naye. Wateja walikuwa wakifika wanatazama kulia, wanatazama kushoto, wananiuliza, "Dada, fundi katoka?" Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikazoea kujibu, "Katoka, ila kaniachia mikono yake."

Mzee Bakari alinifundisha kuinusa simu kabla ya kuifungua. Msicheke. Kila mteja husema simu "imezima tu yenyewe," lakini simu iliyotoka chooni inajieleza. Kuna baba mmoja alituletea kitochi kimejaa chembe za mchele. Kilizama kwenye ndoo ya maji, mtu akamwambia akizike ndani ya mchele kikauke. Alikizika kwenye debe la mchele wa nyumbani bila kumwambia mkewe, na mkewe akachota na kupika. Alichokuja nacho kilikuwa kimeiva. Mzee Bakari alikitazama kwa heshima zote akauliza, "Chumvi mlitia?"

Kitu kingine alichosisitiza ni plasta. Kabla bisibisi haijagusa skrubu, bandika plasta nyeupe mgongoni mwa simu, andika jina la mwenyewe na ugonjwa wa simu. Wakati ule vitochi vilikuwa vya aina moja, vyeusi, mezani unaweza kuwa navyo kumi na usijue kipi cha nani. "Anje," alikuwa akiniambia, "simu zote zina sura moja. Watu wake hawafanani." Nilikuwa naitikia ndiyo mzee, na siku tatu kati ya sita nilikuwa nasahau.

Halafu kuna laini. Katika ufundi wangu hakuna neno lililoniletea ugomvi kama hilo. Watu wetu waliamini laini ndiyo simu yenyewe, na lile dude la vibonye ni nyumba tu ya kuikalishia. Majina, meseji, picha, nyimbo, vyote waliamini vimo kwenye laini. Kwa hiyo mtu akikuletea simu, kwanza anatoa laini, anaifunga kwenye ncha ya kitenge, roho inatulia. Ukimweleza kwamba baadhi ya majina ndiyo yamo kwenye laini, lakini sauti na picha vinabaki ndani ya simu, anakuona unataka kumwibia. Na sisi mafundi tuliojua ukweli tulikuwa na ujinga wetu pia: simu ikikaa kwenye droo bila laini tuliihesabu haina mwenyewe.

Ngoja nikazime jiko.

Yustina alikuja mwanzoni mwa msimu, watu wa Usangu wakiwa wanasafisha mifereji. Alikuwa amepanda gari asubuhi kutoka Rujewa, kitenge chake bado kina vumbi. Alitoa kitochi kwenye mfuko, akanipa kwa mikono miwili.

"Dada, imezima. Laini nimeshatoa, ninayo hapa. Lakini naomba sana iwake, maana nina sauti ya baba."

Nikamuuliza sauti gani. Akakaa kwenye benchi akanieleza bila kupumzika. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyomshinda, ana watoto watatu, na miaka miwili ya mwisho ndiye aliyemuuguza baba yake na kulima majaruba mawili yaliyo mdomoni mwa mfereji, pale maji yanapoanza kuingia. Mpunga wa pale haujui kiangazi. Kabla ya kufa, baba yake alimwambia abonyeze simu irekodi, akasema mwenyewe kwamba majaruba yale ni ya Yustina. Sasa baba amezikwa, na kaka zake, mkubwa wao Laurenti, wanasema mwanamke aliyeolewa hana shamba kwa baba yake.

"Kikao cha ukoo ni Jumamosi ijayo," alisema. "Wazee wamesema kama sauti ipo, waisikie. Wakiisikia, yameisha."

"Rudi Alhamisi," nikamwambia. "Itakuwa inaongea."

Na kweli nilikitengeneza. Pale pa kuchomekea chaji palikuwa pameliwa na kutu, nikabadilisha, kikawaka siku ile ile. Ili nijue kama spika ni nzima nikatafuta ile sauti, nikabonyeza. Mzee akakohoa, akaanza kusema Kisangu, ambacho sisi Wahehe tunakisikia vizuri tu. Nikasikiliza maneno machache. Mteja mwingine alikuwa anagonga meza kwa funguo, spika ilikuwa safi, nikazima. Nikakitupia kwenye droo. Plasta? Nilisema nitabandika nikimaliza na huyu wa funguo.

Sasa mchezo. Siku za mvua Mwanjelwa wateja hawaji, na baridi ya Mbeya mnaijua. Pale barazani tulikuwa mafundi watatu: mimi, Mwakalinga na Chaula. Tulikuwa na boksi la simu zilizokufa ambazo tulishanyofoa vipuri vyake vyote, tunaliita makaburini. Mvua ikikaza tunatoa maiti moja, Mwakalinga anasimama na kusoma wasifu wa marehemu, kisha mmoja wetu anampiga marehemu nyundo. Vibonye vikiruka mbali umeshinda, wengine wanakununulia chai na chapati. Bingwa nilikuwa mimi. Kuna namna ya kupiga: usipige katikati, piga pembeni kidogo, karibu na kioo, nyundo iteleze. Najua mnaiandika hiyo. Iandikeni, halafu msome mpaka mwisho.

Ilikuwa Jumatano. Mvua ilishika tangu saa tatu, watu kama kumi wamejibanza barazani kwetu, wote wamenuna. Mwakalinga akaona hapa pana kanisa tayari. Akaenda makaburini akakuta boksi limeisha, tulikuwa tumezika kupita kiasi wiki ile. Akafungua droo yangu.

"Anje, hii hapa haina laini, haina plasta. Nayo marehemu?"

Mimi nilikuwa nimeshashika nyundo, napunga mkono ili watu watupe nafasi. Nilijibu bila kugeuka. "Kama haina laini, zika."

Maneno yale ni yangu. Mwakalinga aliuliza vizuri, tena aliniuliza mimi.

Akakiweka kitochi juu ya jiwe, akavua kofia, akaanza kwa sauti ya kilio. "Marehemu Kitochi alizaliwa ng'ambo, katika familia ya watoto wengi wanaofanana. Elimu ya msingi aliipata mfukoni mwa dereva wa lori, njia ya Tunduma. Enzi za uhai wake alipenda kuita kanisani, na hakuwahi kukosa chaji isipokuwa alipohitajika. Marehemu alianza kuumwa betri, akatibiwa kwa kuanikwa juani, hali ikawa si hali. Ameacha mjane, Bi Chaja, na kava mbili, moja ikiwa ya nje ya ndoa. Fundi Anje, mwili ni wako."

Watu walicheka mpaka wakasahau mvua. Mwanamke mmoja aliyejifunika mfuko wa nailoni kichwani alicheka akashika nguzo. Nikapiga. Lilikuwa pigo zuri, nasema kweli, zuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Kioo kikafumuka, ubao wa ndani ukakatika vipande viwili, kibonye cha tano kikaruka kikatua ndani ya kikombe cha Chaula. Watu wakapiga makofi.

Yule mwanamke akavua mfuko wa nailoni, anafuta machozi ya kicheko. "Dada fundi, nimewahi siku moja," akasema. "Nilisikia daraja linaweza kujaa maji. Simu yangu imepona?"

Nikavuta droo. Nikaivuta tena mpaka ikatoka yote, nikaiweka mezani, nikapekua. Mwakalinga alielewa kabla yangu, maana aliacha kucheka na kuvaa kofia yake taratibu. Niliokota kile kipande cha chini pale kwenye jiwe nikakiona: tundu la chaji jipya linang'aa, nililolichomea kwa mkono wangu.

Nikasema, "Yustina, ile tuliyoipiga ndiyo yako."

Na yeye, mtanisamehe, akanifariji. Akafungua ncha ya kitenge, akatoa laini yake, ndogo, safi, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. "Si kitu dada. Nyumba imeanguka, mwenyewe hakuwemo. Baba nimemtoa, yumo humu. Nipe simu yoyote."

Nilikuwa najua, lakini niliipachika kwenye simu yangu. Ningefanyaje? Yakaja majina, Laurenti na wengine. Sauti hakuna. Akaniomba simu, akabonyeza mwenyewe, akaizima, akaiwasha, akabonyeza tena. Watu wa barazani walikuwa wameanza kuondoka kwenye mvua, mmoja mmoja.

"Labda simu hii haijamzoea," alisema.

Nilimweleza. Nilitumia maneno mengi mno, na katikati ya maneno yangu nikaona uso wake unaelewa. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale sakafuni akashika kichwa.

Nilikimbiza vile vipande kwa Mzee Bakari, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, anakaa nyumbani. Akavaa miwani yake miwili, akatazama muda mrefu. Kioo tungebadilisha, spika tungebadilisha, lakini ubao ulikuwa umepasukia pale pale penye kumbukumbu, na ile chembe yenyewe ilikuwa imekatika katikati. Aligeuza kipande cha mgongo, akapitisha kidole gumba palipotakiwa kuwa na plasta. Alinirudishia vipande na kuingia ndani kuswali.

Niliporudi kibandani nikamwambia Yustina nitakwenda naye kwenye kikao. "Niliisikia ile sauti wakati najaribu spika. Nitawaambia wazee nilichosikia."

Akainua kichwa. "Uliisikia?"

"Niliisikia." Sikumwambia niliisikia kiasi gani, wala yeye hakuniuliza. Alinishika mkono akaushukuru tena na tena, mkono ule ule.

Jumamosi nilipanda basi alfajiri. Njia nzima nilikuwa najikumbusha, na nilichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Mzee anakohoa. Kisha anasema, kwa Kisangu chao, "Mama, sikiliza. Yale majaruba mawili ya mdomo wa mfereji..." Hapo ndipo nilipozima. Huyo mama, niliona, ni mkewe, na labda alikuwa anamwambia habari ya maji tu. Jina la Yustina halimo. Neno la kupewa halimo. Nikaona nikisema hayo nimemwangusha mara ya pili. Mpaka tunafika Igawa nilikuwa nimeshayatengeneza maneno, kwa namna fundi anavyotoa kipande kibovu na kutia kizima. Nikapanda bodaboda kwenda Rujewa nikiwa najisikia mtu mwema.

Walikuwa wamekaa uani, viti vya plastiki mbele ya ghala la mpunga. Aliyeongoza kikao ni baba mkubwa wa Yustina, mzee mpole, mkongojo mapajani. Akanikaribisha, akahakikisha nimepewa maji. Laurenti na wadogo zake walikuwa upande mmoja, Yustina peke yake kwenye mkeka.

"Mgeni wetu," mzee alisema, "tumesikia habari ya simu, na hatukukuita hapa kukuhukumu. Tunataka ulichosikia. Hicho hicho, usiongeze."

Nikasimama. "Wazee wangu, shikamooni. Nilimsikia marehemu akisema hivi: Mwanangu Yustina, majaruba mawili ya mdomo wa mfereji ni yako."

Laurenti alimtazama mdogo wake.

"Alisema Yustina?" mzee aliuliza, taratibu sana.

"Ndiyo mzee. Nilisikia kwa masikio yangu. Yustina."

Mzee akainamisha kichwa. Nadhani alitamani nisingesema. "Mgeni wetu, huyu binti ana jina la mama yetu aliyetuzaa. Yustina ni la kanisani. Marehemu mdogo wangu hakumwita Yustina hata siku moja, wala kwa jina lile jingine, maana mtu hamtaji mama yake. Alimwita mama, tangu yuko mgongoni."

Mimi Mhehe, na kwetu ni hayo hayo! Baba yangu mzazi alimwita dada yangu mama mpaka anaingia kaburini. Nilikulia ndani ya neno lile, na siku lilipohitajika nililitoa nikatupa, nikaweka uongo mahali pake.

"Alisema mama!" nikapaza sauti. "Mzee, kweli ya Mungu, alisema mama! Alikohoa, akasema, mama, sikiliza, yale majaruba mawili, mimi nikadhani..."

"Sasa hivi sauti imebadilika," Laurenti alisema. "Tumpe dakika tano atasikia na ng'ombe." Watu wakacheka, na sikuweza kuwalaumu. Kicheko kile nilikijua, nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe barazani siku tatu kabla. Mzee akagonga mkongojo chini, akasema ushahidi umeharibika. Yale majaruba wakapewa wanaume.

Nimesimama nimezunguka nyumba mara mbili. Kuna mambo ya ufundi niliyotaka kuwaambia, niyaseme upesi. Betri iliyovimba msiitoboe kabisa. Chaula alitoboa moja kwa msumari, ikatema moto, na nyusi zake mpaka leo zimeota nusu. Simu yoyote mnayopewa mchezee, iwasheni kwanza. Ikigoma, mpelekeeni fundi aiwashe, na mkae naye mtazame kilichomo mpaka mwisho, msikilize mpaka mwisho, kabla hamjasema imekufa. Mkishajua ni ya nani na ana nini humo, hapo nyundo ni yenu. Na mkiulizwa mlichosikia, semeni hicho hicho, hata kama kinaonekana hakifai kitu.

Yustina alinisindikiza mpaka Igawa. Sikutaka, lakini kwao mgeni hasindikizwi nusu. Tulisimama kando ya barabara kuu, malori yanapita, akina mama wanakimbiza vitunguu kwenye madirisha ya mabasi. Basi la kwanza la Mbeya likaja, nikainua mkono, akanishusha mkono.

"Alisema mama?"

"Alisema mama."

"Alikohoa kwanza?"

"Alikohoa kwanza."

"Hebu sema alivyosema. Kwa Kisangu, usigeuze."

Nikasema. Sauti yangu si ya mzee, lakini nilijitahidi, nikakohoa, nikalivuta lile neno la kwanza alivyolivuta yeye. Mama, sikiliza. Yustina alifumba macho. Akaniambia nirudie, nikarudia. Basi la pili likapita. Alipofumbua macho alikuwa na uso wa mtu aliyemwona mgeni wake akiondoka.

"Wazee wote mle ndani wangeijua hiyo," alisema. "Hata Laurenti angelia. Dada Anje, ulikuwa nayo mdomoni."

Akakaza kitenge, akavuka barabara, akapanda bodaboda kurudi kwao, mahali ambapo msimu ule alianza kupanda mpunga kwenye majaruba ya watu.